Krediti za chuo ukiwa sekondari: namna ya kuzihamisha na kuzitumia kwa meja mbili

"Mama Baraka, zile kozi za chuo alizosoma mtoto akiwa sekondari, zitahama zote?" Swali hili naulizwa sana na wazazi wenzangu hapa Fort Worth: Watanzania, Wakongo, Warundi. Kuhama, mara nyingi zinahama. Tatizo ni kwamba zinafika chuo kikuu halafu hazina kazi ya kufanya, hasa kwa mtoto anayetaka meja mbili, yaani masomo makuu mawili ya shahada. Ndiyo maana naanzia kwenye kuchagua kozi. Ukisubiri wakati wa kuhamisha, umeshachelewa.

Nazungumzia Texas, na vyuo vya umma vya Texas. Programu yenyewe inaitwa dual credit: mtoto wa sekondari anasoma kozi ya chuo, mara nyingi chuo cha jamii (community college, chuo cha miaka miwili) kilicho jirani, na kozi hiyo inahesabiwa kwenye diploma ya sekondari (cheti cha kuhitimu) na pia chuoni. Tangu 2023 kuna mpango wa jimbo uitwao FAST. Mtoto anayestahili chakula cha mchana cha bure au cha bei iliyopunguzwa hatozwi ada kwenye vyuo vilivyojiunga na mpango huo. Muulize mshauri wa shule kwa jina hilohilo, FAST. Usingoje akwambie yeye.

Jifunze kusoma namba

Vyuo vya jamii vya Texas vinatumia namba za kozi za pamoja. Herufi nne ni somo, tarakimu ya kwanza ni mwaka, ya pili ni saa za krediti, yaani kipimo cha uzito wa kozi. Kwa hiyo ENGL 1301 ni Kiingereza cha mwaka wa kwanza, saa 3. BIOL 1406 ni biolojia pamoja na maabara yake, saa 4. Chuo kikuu kinaweza kuwa na namba zake, lakini tovuti yake itakuwa na jedwali linaloonyesha kozi ipi ya chuo cha jamii ni sawa na ipi ya kwao. Fungua jedwali hilo kabla mtoto hajajiandikisha.

Kila shahada kwenye vyuo hivi ina saa 42 za masomo ya msingi. Humo kuna historia ya Marekani saa 6 na siasa na serikali saa 6, awe mwanafunzi anasoma uhandisi au muziki. HIST 1301 na 1302, GOVT 2305 na 2306, ENGL 1301 na 1302: hizo achukue bila wasiwasi, mradi atabaki Texas.

Hisabati ndiyo ya kuangalia kwa makini. Shule nyingi huwapeleka watoto MATH 1314, aljebra ya chuo. Kwa atakayesoma historia inatosha. Kwa mtoto wa uhandisi au kompyuta, meja inataka kalkulasi, MATH 2413, na ile aljebra itahama vizuri tu, kisha ikae pembeni kama saa 3 zisizosaidia lolote. Kuna pia nafasi ya saa 3 za sayansi ya jamii. Wenzake Baraka walikimbilia PSYC 2301 kwa kuwa walisikia ni rahisi. Yeye alikuwa tayari anawazia uchumi, akachukua ECON 2301. Kozi moja ikajaza nafasi ya msingi na papo hapo ikaingia kwenye meja. Kwa mwenye meja mbili, kozi za namna hiyo ndizo zinazompa nafasi ya kupumua baadaye.

Mengine mawili kwa haraka. Alama hizi ni za chuo kweli: mtoto anayeota udaktari ajue kwamba vyuo vya tiba hukusanya alama zote za chuo, hata zile alizopata akiwa na miaka 16. Na kama ndoto ni chuo binafsi chenye jina kubwa, asome masharti yao kwanza, kwani vingi havikubali krediti iliyokwisha kuhesabiwa kwenye diploma ya sekondari.

Transkripti

Transkripti ni rekodi ya kozi na alama. Ya sekondari haitoshi, hata kama kozi zimeandikwa humo. Chuo kikuu kinataka transkripti rasmi kutoka kwenye chuo kilichotoa krediti, itumwe moja kwa moja, baada ya alama za mwisho kuingia. Kama alisoma kwenye vyuo viwili, ni transkripti mbili. Itumwe mapema, ifike kabla ya siku za kuwakaribisha wanafunzi wapya, maana hapo ndipo wanapojiandikisha kozi. Krediti zisipoonekana kwenye mfumo, watamwandikisha tena ENGL 1301.

Mzazi, jiandae kwa jambo moja linalotushangaza sisi wa kutoka nyumbani. Mtoto akishaanza kozi za chuo, hata kabla ya miaka 18, rekodi za chuo ni zake. Nilipiga simu ofisi moja nikaambiwa, kwa adabu lakini bila kupindisha, kwamba hawawezi kuzungumza nami. Ada nimelipa mimi! Dawa yake ni fomu ya ridhaa ambayo mtoto anaisaini. Isainiwe mwanzoni kabisa, mkiwa bado mnaelewana.

Ripoti ikitoka

Chuo kikuu kikishapokea transkripti kinatoa ripoti ya tathmini. Pitia mstari kwa mstari. Kozi yenye namba kamili ya chuo kile imepata mwenzake. Ukiona herufi za somo zikifuatiwa na namba kama 1XXX, imepokelewa kama kozi ya hiari: saa zipo, lakini hazitimizi sharti lolote la meja. Huo si uamuzi wa mwisho. Baraka alipeleka silabasi ya kozi kwa idara husika, ile iliyoonyesha mada za kila wiki na kitabu kilichotumika, wakaibadilisha. Kwa hiyo atunze silabasi zote tangu siku ya kwanza, kwenye kompyuta na kwenye barua pepe. Na chuo cha umma kikikataa krediti, aombe sababu kwa maandishi.

Sasa, meja mbili

Sisi tuliopita kidato cha tano tumezoea tahasusi: ukichagua HGE (historia, jiografia na uchumi), umechagua. Huku mwanafunzi anaweza kuunganisha uchumi na hisabati, au biolojia na Kihispania. Atofautishe tu mambo mawili. Meja mbili ndani ya shahada moja hubaki kwenye saa kama 120, zikizidi kidogo. Shahada mbili kamili kwa kawaida hudai saa 30 zaidi. Waajiri wengi hawajali tofauti hiyo, na mimi sioni sababu ya kulipia mwaka mzima kwa ajili ya cheti cha pili ukutani.

Mtoto mwenye saa 42 mkononi anaweza kumaliza kwa miaka mitatu. Lakini kama ana ufadhili wa mihula 8, mimi namshauri autumie wote na kujaza nafasi hiyo na meja ya pili. Kikwazo huwa ni mfuatano wa kozi kuliko idadi ya saa: MATH 2413, halafu 2414, halafu 2415, na za juu zinasubiri hizo. Chora mihula yote kwenye karatasi, weka kwanza kozi zinazosubiriana hivyo, kisha uulize idara zote mbili ni kozi ngapi zinaruhusiwa kuhesabiwa pande zote. Uuguzi na uhandisi vina ratiba ngumu. Hapo meja ya pili ni mzigo, afadhali achukue somo dogo la ziada (minor).

Tazama na pesa. Texas inaruhusu chuo kumtoza ada ya mtu wa nje ya jimbo mwanafunzi aliyezidisha saa 30 juu ya mahitaji ya shahada yake, ingawa saa za sekondari zilizotumika kwenye diploma hazihesabiwi humo. Msaada wa serikali kuu una hesabu nyingine: kikomo ni asilimia 150 ya saa za shahada, yaani 180 kwa shahada ya 120, na krediti zilizohamishwa na kukubaliwa zinaingia. Ruzuku ya Pell, ile ya serikali kuu kwa wanafunzi wa kipato kidogo, huishia mihula 12.

Fomu ya kuongeza meja ya pili hujazwa baada ya kuanza masomo, na idara kama za biashara na kompyuta huweka kiwango cha alama. Ajaze mapema, ili mshauri wa kila idara amwone kwenye orodha yake. Akibadili mawazo mwaka wa tatu, anaweza kuifuta meja hiyo na kubaki na ya kwanza.