Siku ya ufagio New York: hamisha gari kabla ya askari kupita

Mitaa mingi ya makazi New York unaegesha gari bure, mradi ujue kusoma vibao. Kitafute chenye herufi P iliyokatwa na ufagio. Siku na saa zilizoandikwa hapo, upande huo wa barabara lazima uwe mtupu ili gari la kufagia lipite. Ukikutwa, faini ni dola 65. Angalia na mshale wa kibao, maana ndio unaoonyesha amri inaanzia wapi na kuelekea upande gani. Upande wa pili una siku zake, kwa hiyo usishangae kuona mtaa mzima ukihamisha magari asubuhi.

Wageni wengi wanaliwa pesa hapa: gari la kufagia limeshapita, mtu anaona kazi imekwisha, anarudisha gari lake. Askari anaandika faini vilevile. Kinachohesabiwa ni saa ya kwenye kibao, ufagio upite au usipite. Utawaona pia wenyeji wakipanga magari safu ya pili ng'ambo, kando ya yale yaliyoegeshwa tayari, kusubiri muda uishe. Usiwaige kwa kuwa tu ni wengi. Kisheria ni kosa hata siku ya usafi, na faini yake ni dola 115.

Kuna siku za nafuu. Jiji husimamisha sheria hii sikukuu nyingi, zikiwemo Id el-Fitr na Id el-Hajj, na theluji ikizidi pia. Piga 311, namba ya huduma za jiji, usiku wa kuamkia siku yenyewe uhakikishe. Ila ufagio kusimama si mita, yaani mashine ya kulipia maegesho, kusimama. Sikukuu nyingi mita bado inalipiwa, na kusahau hilo kunaharibu Idi ya mtu.

Ukishaandikiwa, usiitupe karatasi kwenye dashibodi. Una siku 30 za kulipa au kupinga, na baada ya hapo nyongeza zinaanza. Kupinga ni bure na unaweza kufanya mtandaoni. Piga picha ya kibao na ya gari palepale, hasa kama kibao kimezibwa na matawi au kimeanguka. Madeni yaliyokwisha kuhukumiwa yakizidi dola 350, gari linaweza kufungwa mnyororo au kuvutwa, na gharama za kulikomboa zinakuja juu ya deni lenyewe.