Kabla ya Kuanza Dawa ya Kurejesha Mapigo ya Moyo

Mgonjwa ambaye vyumba vya juu vya moyo wake vimetetemeka bila mpangilio kwa zaidi ya siku 7 mfululizo, hali inayoitwa atriali fibrilesheni, mara nyingi hutamani kuanza dawa ya kurejesha mapigo katika mpangilio wake siku hiyo hiyo. Hamu hiyo inaeleweka, kwa sababu mtu anayeishiwa pumzi akipanda ngazi chache hana subira ya wiki kadhaa. Hata hivyo, isipokuwa pale hali yake inapokuwa ya dharura, naona ni heri tiba ichelewe mwezi mzima kuliko kuanza kabla jambo la kwanza halijakamilika.

Jambo hilo ni kuzuia damu kuganda. Chumba kinapotetemeka badala ya kukamua, damu hutuama, hasa katika kifuko kidogo kilicho ubavuni mwa chumba cha juu cha kushoto, na humo bonge huweza kujijenga bila dalili yoyote. Moyo ukirejea katika mwendo wake, iwe kwa umeme au kwa kidonge, bonge hilo laweza kusukumwa hadi kwenye ubongo na kuleta kiharusi. Ndiyo maana dawa ya kuzuia damu kuganda hutumiwa bila kukosa angalau wiki 3 kabla na angalau wiki 4 baadaye, kwa kuwa misuli ya chumba hicho hubaki imelegea hata baada ya mapigo kutulia, na wengi huendelea nayo maisha yao yote. Anayetumia warfarini, mojawapo ya dawa hizo, kwa kawaida anatakiwa kuwa na majibu ya INR, kipimo cha kasi ya damu kuganda, kati ya 2 na 3 katika wiki zote hizo, wala si katika kipimo cha mwisho pekee. Jibu moja la 1.6 katikati ya daftari la kliniki linaweza kuifanya hesabu ianze upya, isipokuwa kama upo uwezo wa kumpima kwa eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) inayopitishwa kwenye umio na kuhakikisha kwamba hakuna bonge.

Hapa Afrika Mashariki wagonjwa wengi wana vali ya mitrali (mlango kati ya vyumba vya kushoto vya moyo) iliyosinyaa kutokana na homa ya baridi yabisi ya utotoni. Kwao warfarini ndiyo chaguo, na utafiti wa INVICTUS uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba iliwalinda vizuri kuliko rivaroksabani, dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, hivyo wasibadilishiwe kwa ajili ya kukwepa usumbufu wa kupima INR. Wengi wao ni wanawake vijana, na ni lazima ujauzito uulizwe mapema, kwa sababu warfarini na amiodaroni (mojawapo ya dawa za kurejesha mapigo) zote zinaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni.

Eko ya kifuani ndiyo inayoamua dawa ipi ya kurejesha mapigo itafaa. Flekainidi na propafenoni hazipewi mtu aliyewahi kupata shambulio la moyo au ambaye moyo wake umedhoofika. Sotaloli hudai figo zinazofanya kazi vizuri. Amiodaroni ndiyo hubaki kwa wengi, lakini matarajio yawe ya kweli: katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2005, baada ya siku 28 mapigo yalikuwa yamerejea kwa asilimia 27 tu ya waliotumia amiodaroni na asilimia 24 ya waliotumia sotaloli. Kwa hiyo daktari aulizwe mapema kama kushtua moyo kwa umeme kunapatikana.

Takribani asilimia 37 ya uzito wa amiodaroni ni madini ya joto, na dawa hiyo hukaa mwilini kwa miezi hata baada ya kuachwa. Tezi ya thairoidi, ini na mapafu vipimwe kwanza. Tezi inayofanya kazi kupita kiasi huenda ndiyo chanzo chenyewe cha ugonjwa.

Mwisho, mgonjwa aende kliniki na mfuko wa dawa zake zote, pamoja na za kienyeji. Amiodaroni huongeza nguvu ya warfarini, na dozi ya digoksini, dawa ya kupunguza kasi ya moyo, kwa kawaida hupunguzwa nusu. Dawa mseto ya malaria na azithromaisini zinaweza kuongeza hatari ya mapigo mabaya zikitumiwa pamoja na amiodaroni, na dawa za kupunguza maji mwilini hushusha potasiamu, ambayo lazima irekebishwe kabla ya kidonge cha kwanza. Kipimo cha umeme wa moyo kifanywe kabla na kirudiwe baada ya kuanza, na mgonjwa akizimia katika siku hizo apelekwe hospitali mara moja.