Ukiongea na kiziwi macho yakae usoni, sio vidoleni tu

Wenzangu wa Mtwara hasa nyie mnaouza samaki feri, hii imenisaidia sana. Kwenye lugha nyingi za alama sarufi ipo mpaka usoni, nyusi zikipanda ujue umeulizwa swali la ndio au hapana, mikono ileile bila nyusi inakuwa maelezo tu. Juzi dada mmoja mteja wangu kaonyesha samaki, kaonyesha kuisha, mi nikadhani ananiambia wameisha nikawa naitikia tu, kumbe anauliza! nyusi ziko juu kabisa na ndoo ya changu ipo chini ya meza, akaondoka mikono mitupu, iliniuma kweli.

Kingine angalia mkono unaelekea wapi. Alama ya kupa ikitoka kifuani kwake kuja kwako ni nakupa, ikianzia kwako kwenda kwake ni unanipa, hamna haja ya kuweka mimi wala wewe, ni kama ni- na ku- zetu ila zinakaa hewani. Ndo maana usipange alama neno kwa neno kama Kiswahili, muulize mwenyewe anavyopanga. Na jamani tuache kuwaita bubu, wana lugha kamili.