Kadi ya Salamu: Namna ya Kuiandika, Kuipeleka na Kuipokea

Mwaka 1843, Henry Cole wa London alilemewa na barua za Krismasi ambazo hakuwa na nafasi ya kuzijibu moja moja. Akamwomba mchoraji John Callcott Horsley amchoree kadi yenye salamu zilizokwisha kuandikwa, ikachapwa kwa wingi, naye akabaki na kazi ya kujaza majina tu. Hadi leo udhaifu wa kadi ya dukani ni huo huo: maneno ya mchapaji yanamfaa kila mtu, kwa hiyo hayamhusu mtu yeyote hasa. Anayetaka kadi yake isomwe mara mbili hana budi kuongeza maneno yake mwenyewe, kwa mkono wake.

Maneno hayo hayahitaji kuwa mengi. Kadi ikifunguliwa, ukurasa wa kushoto kwa kawaida huwa mtupu, na hapo ndipo pa kuandikia. Anza kwa salamu inayomstahili mpokeaji, maana mjomba, shangazi au mwalimu aliyekufundisha huandikiwa "Shikamoo" kabla ya neno lolote la sikukuu. Kisha umtajie jambo moja linalowahusu ninyi wawili: mgonjwa aliyepona, nyumba iliyoezekwa, msaada aliokupa nawe hukuwahi kumshukuru ipasavyo. Sentensi mbili za namna hiyo zinatosha. Mashairi ya kuazima na dua ndefu zilizonakiliwa kutoka kwenye simu ziache, kwani huenda amekwisha kuzipokea kutoka kwa watu wengine kumi. Mwishoni yataje majina ya wanaotuma, wakubwa kwanza, kwa sababu "familia yote" haimwambii bibi ni wajukuu gani waliomkumbuka.

Kadi ya Krismasi haina shida ya tarehe. Itume mapema Desemba. Kadi ya Idi inataka uangalifu zaidi, kwa sababu Idi el Fitri ni siku ya kwanza ya Mfungo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, na siku hiyo hujulikana kwa kuandama kwa mwezi, yaani usiku wa kuamkia sikukuu yenyewe. Isitoshe, mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa takriban siku 11 kuliko ule wa kalenda ya ofisini, kwa hiyo kukumbuka tarehe ya mwaka jana hakusaidii. Ipeleke posta Ramadhani ikiwa katikati, na ndani yake usiandike tarehe ya sikukuu. "Idi Mubarak" na mwaka wa Hijria vinatosha. Idi el Haj ni nafuu kidogo, kwa kuwa huwa tarehe 10 ya Mfungo Tatu, mwezi wa tatu baada ya Ramadhani, na mwezi ukishaandama siku yake inajulikana mapema.

Juu ya bahasha andika jina, S.L.P., mji, na nchi ikiwa kadi inavuka mpaka. Masanduku mengi kwetu ni ya shule, parokia au kampuni. Mtaje basi na mwenye sanduku, la sivyo kadi itabaki mezani kwa karani.

Kadi za kuwatakia heri watahiniwa, ambazo nchini Kenya zilikuwa zimezoeleka sana kuelekea mitihani ya kidato cha nne, zina hatari yake. Ukimwandikia kijana kwamba ukoo mzima unategemea alama zake, umemwongezea mzigo usiku wa kuamkia mtihani. Mwombee utulivu, na bahasha uiache wazi ili walimu wakitaka kuikagua wasiichane.

Kadi ya pole haichukui nafasi ya kwenda msibani. Aliye mbali, Muscat au Toronto, apige simu na kutuma rambirambi kwanza, kadi ifuate. Ichague isiyo na mapambo, umtaje marehemu kwa jina pamoja na wema wake mmoja unaoukumbuka, wala usiulize alifariki vipi.

Anayeletewa kadi mkononi huipokea kwa mkono wa kulia au kwa mikono miwili, na siku hiyo hiyo humshukuru mtumaji akigusia alichoandika, ili ajue kwamba imesomwa.

Si kila kadi, hata hivyo, ni salamu. Tanzania, kadi ya mchango wa harusi huja imepambwa kama mwaliko, lakini inachotaka ni ahadi. Ipokee kwa hongera, kisha utaje kiasi unachokimudu kweli. Ahadi ndogo iliyolipwa kabla ya kikao cha mwisho inaisaidia kamati kuliko kubwa inayofika ukumbi umekwisha kulipiwa kwa deni. Usipokuwa na uwezo, sema mapema kwa upole. Ukiletewa baadaye kadi ya mwaliko wenyewe, itazame kama ni ya mtu mmoja au ya wawili kabla hujamwahidi mwenzako kwenda naye, na uibebe siku ya sherehe, kwa kuwa huenda ukaulizwa mlangoni.