Namna ya Kutambua Kama Mbalanga Bado Inaenea

Mtu mwenye mbalanga, ambayo hospitalini huitwa vitiligo, akiona baka jeupe kwenye kiwiko hujiuliza rangi itarudi lini. Swali linalopaswa kutangulia ni kama kinga ya mwili bado inashambulia pale au imetulia, kwa sababu jibu lake ndilo linaloelekeza tiba.

Rangi ya ngozi hutengenezwa na seli ziitwazo melanositi. Katika mbalanga, seli T za kinga, ambazo kazi yake halali ni kuua seli zilizoingiliwa na virusi, huzigeukia melanositi na kuziua. Wakati huohuo hutoa kemikali iitwayo interferoni gama, na seli nyingine za ngozi zikishaipata hutoa ishara ya kuita seli T zaidi. Kwa hiyo dawa zinazonadiwa kuwa “zinapandisha kinga” hazina maana hapa, kwani mgonjwa hana upungufu wa kinga, bali kinga yake imekosea adui.

Kagua ukingo wa baka penye mwanga wa kutosha. Ukingo uliokatika waziwazi, usiosogea kwa miezi mingi, huashiria utulivu. Ukingo uliofifia, vidoa vidogo vyeupe vilivyotapakaa kando yake kama chokaa iliyonyunyizwa, au mkwaruzo uliopona ukaacha weupe, ni dalili kwamba mashambulizi yanaendelea. Piga picha kila mwezi ukiweka rula kando ya baka, maana macho husahau upesi. Baka likiwa na magamba, huenda ni mba. Likiwa na ganzi, wahi kupimwa ukoma.

Mbalanga inayoenea hutakiwa kutulizwa mapema, na daktari wa ngozi anaweza kukuandikia krimu ya steroidi au ya takrolimusi. Krimu ya ruksolitinibu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2022 kwa wagonjwa wa kuanzia miaka 12, huziba njia ambayo interferoni gama huitumia kupeleka ujumbe ndani ya seli. Mwulize pia kuhusu kipimo cha tezi ya thairoidi iliyoko shingoni, kwa kuwa nayo hushambuliwa na kinga kwa baadhi ya wagonjwa hawa.

Tiba ya kurudisha rangi kwa mwanga wa UVB, aina ya miale ya urujuanimno, hutolewa mara mbili au tatu kwa wiki, kwa miezi kadhaa. Usitarajie baka zima kukolea kwa pamoja: tazama vinyweleo, kwani rangi huanza kama vidoti vya kahawia kuvizunguka, kutokana na akiba ya melanositi changa iliyomo kwenye mizizi yake. Penye vinyweleo vilivyogeuka vyeupe, na kwenye ncha za vidole zisizo na vinyweleo, matokeo huwa hafifu.

Rangi ikisharudi, usiache dawa kwa uamuzi wako mwenyewe. Baadhi ya seli T hubaki ndani ya ngozi zikiwa na kumbukumbu ya shambulio, na ndiyo sababu weupe hurejea mahali palepale, na pia sababu ya baadhi ya madaktari kuendeleza takrolimusi mara mbili kwa wiki kwenye ngozi inayoonekana imepona.