Kufundisha grafu ya mihimili chini ya mwembe

Tabora miembe haikosekani, na chini ya mwembe hakosekani kiumbe wa kuhesabu: njiwa, kunguru, mijusi. Mtoto wa darasa la tatu au la nne huisoma upesi grafu ya takwimu alizokusanya mwenyewe, kwa sababu anajua kila namba imetoka wapi.

Watoto wakae wawili wawili kwa dakika 10, saa 1 asubuhi. Kila baada ya dakika 2 wahesabu wanyama wote wanaoonekana kwa wakati huo, kisha kwa kila aina wabaki na namba kubwa kuliko zote. Wakijumlisha kila kinachopita, kunguru mmoja aliyeruka na kurudi atakuwa wawili.

Tuseme wamepata njiwa 10, kunguru 7, mijusi 4, popo 0. Daftari lisubiri kwanza. Wapange vizibo vya soda sakafuni, kizibo kimoja kwa mnyama mmoja. Waache wapange wapendavyo: kunguru 7 waliotawanywa watawapita njiwa 10 waliobanwa, na watoto wenyewe watabisha. Hapo ndipo uchore miraba kwa chaki, kila kizibo na mraba wake. Usiiruke hatua hii.

Sasa daftari la hesabu. Majina yakae kwenye mstari wa kulala, idadi kwenye mstari wa kusimama kuanzia 0. Namba iandikwe usawa wa mstari, si katikati ya mraba. Mihimili yote iwe na upana mmoja, na nafasi kati yake zilingane.

Wachore tena kwa skeli ya mraba 1 kwa wanyama 2. Njiwa watafika miraba 5, kunguru mitatu na nusu. Wengi watasema njiwa ni 5, maana wanahesabu miraba. Mtoto alaze rula kutoka kichwa cha mhimili hadi kwenye namba, asome hapo.

Uliza: njiwa wamezidi kunguru kwa ngapi? Anayejibu 10 amesoma mhimili mrefu tu. Mwonyeshe kipande kilichozidi, ndicho 3.

Kisha uliza kuhusu ile 0: Tabora haina popo? Popo wanaokula matunda hulala mchana, wengi wamejificha majanini. Grafu imeonyesha kilichoonekana saa 1 asubuhi chini ya mwembe ule, basi. Warudie kuhesabu jioni giza likianza kuingia, wakiwa na mtu mzima, na wasiguse popo aliyeanguka. Mhimili wa jioni uchorwe ubavuni mwa ule wa asubuhi kwa rangi nyingine, na pembeni waandike rangi ipi ni ya wakati gani.