Goti Limeteguka: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuanza Fiziotherapia

Kwanza, goti lisichuliwe. Siku mbili tatu za mwanzo ndani kuna damu na majimaji. Kuchua kwa nguvu na kukanda kwa maji ya moto kunazidisha uvimbe. Weka barafu dakika 15 hadi 20, kila baada ya saa mbili au tatu. Barafu za mifuko zinazouzwa mtaani zinatosha, ila zifungie kitambaa zisiunguze ngozi.

Jua ni ligamenti ipi iliyoumia, yaani mshipi mgumu unaounga mfupa na mfupa. Goti lina nne kubwa: mbili za pembeni, ya ndani na ya nje, na mbili zinazopishana katikati, ya mbele na ya nyuma. Eksirei inaonyesha mifupa, haionyeshi ligamenti, kwa hiyo ukiambiwa picha iko safi hujaambiwa goti ni zima. Ukifika hospitali ya Ligula ya Mtwara, Sokoine ya Lindi au Ndanda, ulizia mtu wa fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi ya viungo, au daktari wa mifupa alipime goti kwa mikono. Ligamenti ya pembeni ya ndani ikivutika kidogo hupona kwa wiki 1 hadi 3. Ikichanika nusu, wiki 4 hadi 6. Na hata ikikatika yote, mara nyingi hupona bila kisu, mgonjwa akivaa kishikio cha goti chenye vyuma pembeni. Ya mbele ya katikati ikikatika, usitegemee ijiunge. Hapo mazoezi yanafundisha misuli ya paja kulishika goti, na hiyo ni kazi ya miezi.

Unyayo ukiwa wa baridi, una ganzi au unaning'inia, usisubiri kesho. Kadhalika shavu la mguu likivimba na kuuma, au ukishindwa kupiga hata hatua nne.

Sasa mto. Hapa ndipo magoti mengi yanapoharibikia, tena nyumbani, kwa huruma. Goti lililojaa maji hupata nafuu likikunjwa kidogo, kwa sababu shinikizo la ndani linapungua. Basi dereva wa bodaboda kaanguka, ndugu wanamletea mto, wanauweka chini ya goti, analala. Wiki zinapita hivyo. Misuli ya nyuma ya paja inafupika, mfuko wa kiungo upande wa nyuma unakakamaa, na msuli wa mbele wa paja, ambao uvimbe ulishauzima, unasinyaa. Uvimbe ukiisha anajiona kapona. Anasimama, goti halinyooki mpaka mwisho. Anachechemea, pia ya goti inaanza kuuma kwa mbele, na siku za kliniki zilizokuwa za kujenga nguvu zinaishia kwenye kunyoosha, kwa maumivu makali kuliko ya kuanguka kwenyewe.

Mto unakaa chini ya kisigino. Kunja khanga au taulo, weka chini ya kisigino tu, goti libaki hewani, dakika 10, mara 3 au 4 kwa siku. Kisha jipime: lala kifudifudi, miguu ining'inie nje ya kitanda kuanzia juu kidogo ya magoti, mtu akutazamie visigino. Kila sentimita 1 ya tofauti ni kama nyuzi 1 ya kunyooka uliyoipoteza. Lakini goti likigoma ghafla kama limegonga kitu, usilazimishe. Huenda gegedu, ule mto laini kati ya mifupa ya goti, limechanika na kipande kimekwama. Na kama iliyoumia ni ligamenti ya nyuma ya katikati, usining'inize goti hivyo. Shavu la mguu liegemezwe, na mazoezi ya kukunja goti kwa nguvu yasubiri ruhusa.

Kukaza paja ni hivi: nyoosha mguu, kandamiza goti chini, uone pia ya goti ikipanda kuelekea pajani, shikilia sekunde 5, rudia mara 10, asubuhi, mchana na jioni. Kunyanyua mguu huo ukiwa umenyooka kunafuata pale tu ambapo goti halilegei ukinyanyua.

Andaa nyumba. Choo cha kuchuchumaa hukiwezi kwa sasa. Kiti cha plastiki kilichotobolewa katikati kinafaa. Sali ukiwa umekaa. Ukitumia gongo moja, lishike mkono wa upande wa mguu mzima.

Hesabu nauli mapema. Anayetoka Tandahimba au Liwale hawezi kuja mjini kila siku mbili, basi omba mazoezi yaandikwe, na uyafanye mbele ya mtaalamu kabla hujaondoka. Msimu wa korosho ukikukuta katikati ya tiba, kuokota kwa kuchuchumaa waachie wengine.

Tafuta futi ya fundi cherehani. Kila asubuhi pima mzunguko wa goti katikati ya pia. Likiongezeka kuliko jana, mazoezi ya jana yalizidi, punguza. Pima na paja pia, sentimita 10 juu ya pia, ulinganishe na la mguu mzima. Usirudi uwanjani kwa sababu tu maumivu yameisha. Kwa ligamenti ya mbele ya katikati, si kabla ya miezi 9, tena uwe unaruka kwa mguu huo angalau asilimia 90 ya umbali wa mwingine. Diklofenaki, dawa ya maumivu, usimeze ili uweze kucheza, wala usimeze tumbo likiwa tupu. Bodaboda usiendeshe kama huwezi kukanyaga breki ghafla. Na mvua zikianza, vaa viatu vyenye meno, udongo wa huku unateleza.